Fundi Aanzaye na Mlango wa Uani

Mwishoni mwa Desemba 1812, katika kisiwa cha St. Croix kwenye bahari ya Karibi, mwanamke wa Kiafrika aitwaye Maila alilazwa mezani akapasuliwa tumbo la chini akiwa macho. Nusukaputi ilikuwa haijajulikana. Ilibaki zaidi ya miaka 30 kabla ya kuingia hospitalini. Maila alikuwa ametolewa nchi ya Wabambara, Afrika Magharibi, akapelekwa visiwani kama mtumwa mwaka 1790. Kwenye kalio lake ulikuwa umeota uvimbe mkubwa, nao ulidunda kila moyo wake ulipodunda. Daktari William Stevens alijua kwamba kuutia kisu uvimbe ule ni kummaliza mgonjwa. Akaamua kuufuata mzizi. Alipasua ukuta wa tumbo, akausogeza kando utando unaofunika matumbo, akapenyeza vidole hadi kilindini mwa nyonga, akaukuta mshipa unaolisha eneo lile lote, akaufunga kwa uzi.

Maila akapona. Aliishi karibu miaka 10 mingine, na baada ya kufa kwake sehemu ile ya mwili ilipelekwa London, ambako mwanaanatomia Richard Owen aliichunguza na kuandika habari zake mwaka 1830. Vitabu vya upasuaji humtaja Stevens kuwa mtu wa kwanza kuufunga mshipa huo kwa mgonjwa aliye hai. Ni haki Maila naye atajwe, kwa kuwa mtumwa hakuwa na nafasi ya kukataa, na uvumilivu uliohitajika siku ile ulikuwa wake peke yake.

Mshipa wenyewe ni ateri ya ndani ya nyonga. Aota, mshipa mkuu wa damu, hushuka kutoka moyoni ukiegemea uti wa mgongo, na usawa wa kitovu hivi hugawanyika panda, moja kulia na nyingine kushoto. Kila panda hugawanyika tena: tawi la nje huelekea mguuni, tawi la ndani huzama katika fupanyonga. Hili la ndani ni fupi, takriban sentimita 4 tu, na upana wake wa kawaida ni kama nusu sentimita. Baada ya hapo linachanua. Vitawi vyake hulisha makalio, kibofu, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, viungo vya uzazi, misuli iliyojificha ndani ya nyonga na mishipa ya fahamu inayopita humo. Kikubwa kuliko vyote ni kile kinachotokea nyuma na kupanda kalioni.

Mara chache sana ukuta wa ateri hii hulegea. Umri, moshi wa sigara, shinikizo la damu na mafuta yaliyoganda ukutani huudhoofisha pole pole; damu nayo huusukuma kila pigo la moyo, hadi mahali palipokuwa na mrija mwembamba panakuwa na kifuko. Madaktari hukiita anurizimu. Anurizimu ya aota tumboni ni ugonjwa unaofahamika vizuri na kila bingwa wa mishipa. Ile inayoota kwenye ateri ya ndani ya nyonga peke yake, aota ikiwa salama, ni chini ya moja katika kila 100 za anurizimu zinazopatikana tumboni. Wengi wanaoipata ni wanaume wenye umri wa miaka 70 hivi. Bingwa anaweza kumaliza utumishi wake akiwa ameiona mara chache tu.

Uchache ni sehemu moja ya hatari. Sehemu nyingine ni maficho. Kifuko kimekaa nyuma ya mifupa, na mkono wa daktari unaobonyeza tumbo haukifikii. Kikikua, majirani ndio wanaolalamika. Kikiubana mrija unaoshusha mkojo kutoka figo, mgonjwa hutibiwa figo. Kikiigusa neva inayoshuka mguuni, hutibiwa mgongo. Kikiubana mshipa unaorudisha damu moyoni, mguu huvimba, na kila mtu huuangalia mguu. Wapo waliogunduliwa kwa kidole: daktari akipima tezi dume kwa njia ya haja kubwa, akahisi kitu kinachodunda mahali ambapo hapapaswi kudunda kitu. Siku hizi wengi hugunduliwa kwa bahati, CT-Scan iliyoagizwa kwa jambo jingine inapoonyesha duara lisilotarajiwa. Heri hao. Kifuko kikipasuka, damu humwagika kilindini mwa nyonga ambako hakuna anayeiona, na muda wa kumwokoa mgonjwa huwa mfupi mno. Ndiyo maana madaktari wengi hawasubiri kifuko kizidi upana wa sentimita 3 hadi 4, kutegemea hali ya mgonjwa na kasi ya ukuaji, kabla ya kuanza kuzungumza naye habari za tiba.

Tiba yenyewe ina fumbo lililowatesa mafundi wa kale na wa karibuni, na fumbo hilo linaeleweka vizuri kwa mtu aliyelelewa katika nyumba ya Kiswahili. Nyumba hiyo ina mlango wa mbele unaotazama barabara, na ina mlango wa uani wanaoujua wenyeji. Ukiukomea wa mbele ukaondoka ukidhani umeifunga nyumba, aliyeizoea atazunguka na kuingia kwa uani. Anurizimu ya ateri ya ndani ya nyonga ina mlango mmoja wa mbele, na milango ya uani ni mingi. Kila kitawi kinachotoka kwenye kifuko kimeungana, huko mbele ya safari, na vitawi vya upande wa pili wa nyonga, na vya kiuno, na vya paja, na vya utumbo. Ukifunga njia ya kuingilia, damu hugeuza mwendo. Hurudi kinyumenyume kupitia vitawi hivyo, na kifuko kinaendelea kudunda na kutanuka kana kwamba hakikuguswa.

Tabibu Antyllus, aliyeandika kwa Kigiriki katika zama za dola ya Kirumi, alikwisha kuliona jambo hili. Alifundisha kwamba anurizimu ifungwe juu na chini, kisha ipasuliwe na kusafishwa. Kwenye mkono au mguu, chini ni mahali pamoja. Kwenye nyonga, chini ni kila upande. Zaidi ya karne kumi na tano baadaye, Desemba 1785, John Hunter wa hospitali ya St George's, London, alimtibu dereva wa gari la farasi mwenye anurizimu nyuma ya goti kwa kuufunga mshipa juu zaidi, pajani, bila kukigusa kifuko. Aliamini kwamba vitawi vidogo vingeulisha mguu, na kweli viliulisha. Vitawi hivyo hivyo vilivyouokoa mguu wa dereva ndivyo vinavyokirudishia damu kifuko cha nyonga.

Aliyelikabili fumbo uso kwa uso ni Rudolph Matas wa New Orleans, mwaka 1888. Mgonjwa wake alikuwa na anurizimu mkononi. Matas aliufunga mshipa juu ya kifuko, kikaendelea kudunda. Akaufunga na chini yake, bado kikadunda. Ndipo akakifungua, akachungulia ndani, akaviona vijitundu ambavyo damu ilikuwa ikichuruzika kupitia humo, akavishona kimoja kimoja kwa ndani. Mkono ukapona. Wazo lake lilikuwa jipya kabisa: kazi ifanyike kutoka ndani ya kifuko, na vitawi vihesabiwe vyote. Lakini mkono ni kiungo cha wazi. Kulifanya jambo hilo hilo kilindini mwa nyonga, damu ikifurika kutoka vitundu visivyoonekana, vena nyembamba zimelala nyuma ya mshipa, mrija wa mkojo umepita juu yake, ni kazi ambayo hata wapasuaji hodari huiheshimu kwa hofu. Wagonjwa wengi wa anurizimu hii, wazee wenye mioyo iliyochoka na mapafu yaliyozoea sigara, hawaihimili.

Njia nyingine ilifunguliwa Stockholm. Mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger, kijana wa idara ya eksirei katika taasisi ya Karolinska, alichapisha njia yake ya kuingiza mrija ndani ya mshipa bila kupasua. Sindano inachoma mshipa. Waya laini unapitishwa ndani ya sindano. Sindano inatolewa, waya unabaki. Mrija, yaani katheta, unavishwa juu ya waya na kusukumwa hadi ndani. Waya nao unatolewa. Hatua tano, na tundu linalobaki halizidi unene wa mrija wenyewe. Inasimuliwa kwamba wakubwa zake waliiona njia hiyo kuwa nyepesi mno kustahili shahada ya udaktari, na baadaye alipata shahada hiyo kwa utafiti mwingine, wa mirija ya nyongo. Leo hakuna hospitali kubwa duniani inayopitisha siku bila kuitumia njia ya Seldinger.

Charles Dotter wa Portland, Oregon, aliifikisha mbali zaidi. Januari 1964 alizibua mshipa wa paja wa bibi wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu, na bibi akarudi kutembea. Kuanzia hapo katheta haikuwa tena chombo cha kupigia picha tu. Cesare Gianturco, Mwitalia aliyefanya kazi Marekani, aliwaletea wenzake mwaka 1975 kitu kidogo kilichobadilisha habari nzima ya nyonga: koili, yaani kipande cha waya wa chuma chenye nyuzi za sufu, kinachonyooshwa ndani ya katheta na kujikunja chenyewe kinapotokeza ndani ya mshipa. Damu hukutana na nyuzi, huganda, na tawi huziba. Sasa milango ya uani ilikuwa na komeo.

Na mlango wa mbele? Huo ulipata dawa yake Kharkiv, Ukraine. Tarehe 4 Mei 1985 Mykola Volodos alimwekea mgonjwa mrija wa kitambaa ulioshikiliwa na springi ya chuma, ndani ya ateri ya nyonga, ukiwa umesafirishwa humo kupitia mshipa bila kifua wala tumbo kufunguliwa. Alichapisha habari zake kwa Kirusi, na kwa miaka mingi ulimwengu wa Magharibi haukumsikia. Sifa nyingi zilimwendea Juan Parodi wa Buenos Aires, aliyeitibu anurizimu ya aota kwa njia ya namna hiyo Septemba 1990. Parodi anastahili sifa zake. Ila Volodos alitangulia, na alitangulia papo hapo kwenye mishipa ya nyonga, na vizuri jina lake litajwe katika lugha nyingi kadiri inavyowezekana.

Vyombo vikiwa tayari, ufundi wenyewe ndio ulioanza. Na hapa ndipo penye utamu, kwa kuwa vyombo hivyo viko kwenye makabati ya hospitali nyingi, lakini kuvitumia kwenye kifuko cha nyonga kunataka mpangilio ambao kosa moja la utaratibu halirekebishiki. Ukianza kwa kuufunika mlango wa mbele kwa stenti ya kitambaa, yaani mrija wa namna ile ya Volodos, umejifungia nje. Njia pekee nyepesi ya kufikia vitawi ilikuwa kupitia humo. Fundi lazima aanze na mwisho: apite mlango wa mbele, akivuke kifuko chote, aifunge milango ya uani mmoja baada ya mwingine, arudi nyuma taratibu, kisha ndipo aufunge wa mbele akiwa anatoka.

Mgonjwa amelala chali, macho wazi mara nyingi, kinena kimetiwa ganzi. Daktari hatafuti mshipa kwa kubahatisha. Anaweka kifaa cha ultrasaundi juu ya ngozi, anauona mshipa wa paja ukidunda, na anachagua kuuchoma mahali ambapo nyuma yake pana kichwa cha mfupa wa paja. Sababu yake ni ya kifundi kabisa: mwisho wa kazi, atakapoubonyeza mshipa kuzuia damu, mkono wake uwe na kitu kigumu cha kuegemea. Tundu likichomwa juu zaidi, damu inaweza kuvujia tumboni bila kuonekana. Milimita chache hizo, zilizoamuliwa katika dakika ya kwanza, ndizo zitakazomlaza mgonjwa kwa amani usiku.

Mara nyingi tundu huwa kwenye kinena cha upande usio na ugonjwa. Waya unapanda hadi panda ya aota, unageuka, unashuka upande wa pili. Hapo mtambo wa eksirei unainamishwa. Ukitazamwa kutoka mbele moja kwa moja, mwanzo wa tawi la ndani hufunikwa na tawi la nje, na fundi asiyejua atautafuta mlango ambao macho yake hayawezi kuuona. Akiuinamisha mtambo upande wa pili kwa nyuzi 25 au 30, panda inafunguka kwenye kioo. Dawa yenye ayodini inasukumwa, mishipa inaonekana kwa sekunde chache, kisha inafutika. Katika sekunde hizo fundi anasoma: vitawi vingapi, vinatokea upande gani, kipi kinene, kipi kinaelekea kukirudishia kifuko damu.

Kuingia kifukoni ni rahisi. Kutoka upande wa pili ndiyo kazi. Ndani ya mshipa wa kawaida waya hauna pa kwenda ila mbele. Ndani ya kifuko cha sentimita 5 unajizungusha ukutani, unapotea, unarudi ulikotoka. Damu humo huzunguka, na dawa ya kuonyesha mishipa huchanganyika nayo ikafifia kabla ya kuufikia mlango wa kutokea. Ukutani huenda pamelala mabonge ya damu iliyoganda, na waya ukichokora kwa pupa, kipande kinaweza kung'oka na kwenda kuziba mahali pasipotakiwa. Hapo ndipo mikono hutofautiana. Fundi hodari anaipinda ncha ya waya kwa kiasi kidogo, anauzungusha kwa vidole viwili badala ya kuusukuma, na anaongeza ndani ya katheta yake katheta nyingine nyembamba zaidi, isiyofika milimita moja. Unene wa mirija hii hupimwa kwa kipimo cha Charrière, mtengenezaji wa vyombo vya upasuaji wa Paris katika karne ya 19, ambacho kila hatua yake ni theluthi ya milimita. Inafaa kukumbuka kwamba kipimo kinachotumiwa na madaktari wa dunia nzima kilianzia karakana ya fundi.

Akishalifikia tawi la kalio, linakuja swali la kuchagua koili. Ikiwa nyembamba kuliko mshipa, damu itaichukua na kuipeleka mbele. Ikiwa pana kupita kiasi, itashindwa kujikunja, itanyooka na kurudi nyuma kifukoni. Kwa kawaida huchaguliwa iliyo pana kidogo kuliko mshipa, ili ijibane ukutani, na ile ya kwanza ndiyo nanga ya zote zinazofuata. Zipo koili ambazo zikishasukumwa nje hazirudi, na zipo zinazoshikiliwa na kijiwaya hadi daktari aridhike ndipo aziachie. Kwenye tawi nene hutumika pia plagi ya nyuzi za nikeli na titani, madini yanayokumbuka umbo lake: husafiri ndani ya katheta ikiwa imebanwa, na ikitoka hujifungua na kujaa mshipa.

Pa kuiweka ndipo panapodhihirisha busara kuliko kasi. Mtu angedhani kwamba kuzama ndani zaidi, hadi kwenye vijitawi vidogo kabisa, ni kufanya kazi kwa ukamilifu. Kinyume chake ndicho sahihi. Tawi lifungwe karibu na mwanzo wake, kabla halijagawanyika, ili mbele ya koili pabaki mtandao wa vijitawi unaoweza kupokea damu kutoka kwa majirani. Zile njia za kuzunguka zilizomshinda Matas alipofunga juu na chini, sasa fundi anaziacha wazi kwa makusudi, zilishe kalio, huku akizinyima mlango wa kurudi kifukoni. Adui wa jana amepewa kazi. Hakuna jambo katika tiba hii linalostahili kusifiwa kuliko hilo.

Kisha vitawi vingine, kimoja kimoja. Kisha, ikiwa imepangwa hivyo, koili zaidi ndani ya kifuko chenyewe. Mwisho kabisa stenti iliyovishwa kitambaa inapitishwa, ikianzia kwenye ateri kuu ya nyonga na kuishia kwenye tawi la nje, ikiuruka mdomo wa tawi la ndani na kuufunika. Inahitaji ukuta wenye afya wa kushikilia, sentimita 1 na nusu hadi 2 kila upande. Picha ya mwisho inapigwa. Damu inashuka mguuni bila kugeuka, na pale palipokuwa na kifuko hapaonekani kitu. Mgonjwa anaweza kwenda nyumbani baada ya siku moja au mbili.

Tiba hii ina gharama zake mwilini, na kuisifu kwa haki ni kuzitaja. Kati ya robo na theluthi ya wagonjwa waliofungiwa ateri ya ndani ya nyonga huhisi maumivu kalioni wanapotembea, hasa wakipanda mlima au ngazi. Kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyopita na njia za kuzunguka zinavyotanuka. Wanaume wengine hupungukiwa nguvu za kiume. Mara chache utumbo hukosa damu, na hilo ni janga. Kwa hiyo fundi huuangalia upande wa pili kabla ya kuanza: je, ateri mwenzake ni nzima? Ikiwa nayo ni mbovu, kufunga zote mbili kwa pamoja ni kumwingiza mgonjwa hatarini, na huhitajika stenti yenye tawi lake la pembeni, inayoiacha damu ipite ndani ya nyonga huku ikikitenga kifuko. Stenti hizo ni ghali na hazimfai kila mtu, kwa kuwa kifuko kikiwa kimefika hadi kwenye mgawanyiko wa vitawi, tawi la stenti hukosa pa kutua.

Wapo pia wanaoletwa wakiwa na historia ya zamani. Walifanyiwa upasuaji miaka mingi iliyopita, mlango wa mbele ukafungwa kwa uzi au kufunikwa, na kifuko kikaendelea kujaa kimya kimya kutoka nyuma. Kwa hawa njia ya kawaida haipo tena. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, na daktari, akiongozwa na CT-Scan, hupitisha sindano ndefu katikati ya misuli ya kalio hadi ndani ya kifuko, au hulichoma tawi la kalio lenyewe kwa nyuma na kusafiri kinyumenyume hadi kifukoni. Akifika hukijaza koili, au gundi inayoganda inapokutana na damu. Kuzisoma taarifa za wagonjwa wa namna hii ni kuona akili ya binadamu ikikataa kukubali kwamba njia imekwisha.

Haifuati kwamba kisu kimepitwa na wakati. Kifuko kilichoingiwa na vijidudu hakifai kuwekewa kitambaa kigeni. Kifuko kikubwa kinachokandamiza mrija wa mkojo huenda kikahitaji kufunguliwa ili jirani apumue. Na aliyetibiwa kwa tundu dogo hajaagana na hospitali: hupimwa tena baada ya mwezi, baada ya mwaka, na kuendelea, kuona kama kifuko kinasinyaa au kama kuna damu inayopenya tena. Figo zake huangaliwa kwa sababu ya ile dawa yenye ayodini. Daktari na wauguzi nao hufanya kazi ndani ya aproni nzito za risasi, saa nyingi wakiwa wamesimama, kwa sababu mionzi inayowaonyesha njia haichagui wa kumdhuru.

Ufundi huu hautakiwi kusomwa kama habari za mbali. Hadi mwaka 2018 Tanzania, nchi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 50, haikuwa na wataalamu wa tiba radiolojia, yaani ufundi huu wa kutibu kwa sindano na katheta zinazoongozwa na picha, waliofunzwa nchini. Oktoba mwaka huo madaktari, wauguzi na mafundi sanifu kutoka Marekani walianza kuja kwa zamu Hospitali ya Taifa Muhimbili kufundisha, na mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanzisha shahada ya fani hiyo. Walioanza kama wanafunzi sasa wanafundisha wengine.

Kazi yao ya kila siku si anurizimu ya nyonga. Ugonjwa ni adimu mno kuwa darasa. Kazi yao ni kutoa usaha kwa sindano, kufungulia figo zilizoziba, kuchukua vinyama vya vipimo, na kuwatibu wanawake wenye uvimbe wa kizazi kwa kuziba ateri inayoulisha. Ateri hiyo ya kizazi ni kitawi cha ateri ya ndani ya nyonga. Ili kuifikia, mtambo huinamishwa kwa pembe ile ile, panda ile ile hufunguka kwenye kioo, katheta nyembamba ile ile huzungushwa kwa vidole viwili. Daktari aliyewahudumia wanawake wengi kwa njia hiyo amekwisha kupita mlangoni mwa kifuko adimu mara nyingi kabla hajawahi kukutana nacho.

Akitokea mzee wa Tabora au Tanga ambaye CT-Scan imemwonyesha kifuko nyuma ya kibofu, mkono wa kumtibu unaweza kupatikana Dar es Salaam bila safari ya India. Kinachotakiwa kuwapo siku hiyo ni kabati lililojaa: koili za vipimo mbalimbali, kwa sababu hakuna anayejua itahitajika ya upana gani hadi picha ya kwanza ipigwe, plagi, stenti za kitambaa zinazolingana na mishipa ya wagonjwa wa hapa, na ofisa wa manunuzi anayeziagiza kabla hazijaisha.